Punje tisa na mfuko wa saruji

MASWALI YA WASOMAJI: BUNDUKI NA PORI

Mvua zimeanza huku Tabora, karanga na mihogo iko shambani, na barua za nguruwe zimejaa mezani kwangu. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa pabaya. Wenye barua fupi mtanivumilia.

Shikamoo mzee. Naishi Sikonge, nina leseni. Bunduki yangu ni shotigani namba 12, mtutu mmoja, choki (mdomo wa mtutu) imebana kabisa. Niliichagua makusudi, maana muuzaji aliniambia mtutu ukibana marisau, yaani punje, yanakwenda pamoja kama kundi la kanga. Natumia risasi za punje tisa, zile zilizoandikwa 00. Mwezi uliopita nilimpiga nguruwe pori hatua kama thelathini na tano. Alianguka, akanyanyuka, akaingia vichakani. Tulimfuata damu mpaka saa kumi na moja jioni, hatukumpata. Kwenye mti uliokuwa nyuma yake nilikuta matundu mawili, moja juu kabisa. Nitafute choki inayobana zaidi, au nibadilishe risasi? – Msomaji, Sikonge

Marahaba mwanangu. Nguruwe wako namfahamu, kwa sababu na mimi ninaye wangu. Ilikuwa mwaka wangu wa pili katika uaskari wa wanyamapori, kandokando ya mto Ugalla, wakati huo pori la akiba. Siku hizi, tangu 2019, ni hifadhi ya taifa. Nilitumwa kijiji cha jirani kumwondoa nguruwe aliyekuwa anachimba mihogo ya watu. Nikampiga hatua arobaini, choki imebana kabisa kama yako, kifua mbele. Tulimpata kesho yake, fisi wametangulia. Mkuu wangu hakunifokea. Alinipa mfuko mtupu wa saruji na misumari minne, akaniambia nisiende doria mpaka niwe nimejua bunduki ile inapiga nini.

Sasa tuanze na huo mtutu. Namba 12 ina tundu la milimita 18.5 hivi. (Hiyo 12 yenyewe haina uhusiano na milimita: ni kwamba ukitengeneza mipira ya madini ya risasi inayoenea tundu hilo, mipira 12 inafika ratili moja, yaani gramu 454.) Choki ni sehemu ya mwisho ya mtutu, kwenye mdomo, inapopungua upana. Ikibana kabisa, mdomo unabaki kama milimita 17.5. Ikiwa nusu mbano, 18. Robo mbano, 18.25.

Punje ya 00 ina kipenyo cha milimita 8.4, kubwa kidogo kuliko mbaazi, ndogo kuliko njugu mawe. Ndani ya ganda zimepangwa tatu tatu, ghorofa tatu. Chukua gololi tatu uzibane pamoja juu ya meza, kisha zungushia kamba: duara utakalopata ni pana mara mbili na zaidi kidogo ya gololi moja. Kwa punje zako tatu hesabu inakuja milimita 18.1. Ndani ya mtutu zinapita bega kwa bega bila shida. Zikifika kwenye mdomo wa 17.5, tatu hazitoshi tena. Na zinafika zikiwa kwenye kasi ya zaidi ya mita 300 kwa sekunde, na nyuma zinasukumwa na ghorofa nyingine mbili. Kinachotokea ni kama abiria wa basi la Kaliua mlango ukifunguliwa: kila mmoja anataka kutoka yeye. Zinapandana, zinaminyana, na madini ya risasi ni laini. Punje inatoka imebonyea upande mmoja. Punje iliyobonyea hairuki sawa. Upepo unaishika inapopinda, inakwenda zake. Lile tundu la juu kwenye mti wako huenda ni la mmoja wa abiria hao.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: usitafute choki inayobana zaidi. Legeza. Muuzaji hakukudanganya kabisa, alikupa ukweli wa marisau madogo. Choki zilipopata umaarufu Uingereza miaka ya 1870, kwa kazi ya watu kama W. W. Greener wa Birmingham, watu walikuwa wanapiga bata na njiwa. Punje za ndege ni ndogo, mamia kwenye ganda moja, zinapita kwenye mbano kama mtama kwenye faneli. Ukileta punje za nguruwe kwenye mdomo uleule, umeleta njugu mawe.

Kama bunduki yako ina choki ya kufungua na kufunga kwa nyuzi, tafuta ya nusu mbano na ya robo, ujaribu zote mbili. Usipige mtutu ukiwa mtupu bila choki ndani, utaharibu nyuzi. Kama mbano umechongwa kwenye mtutu wenyewe, usimpe mtu msumeno wala jiwe la kusagia. Silaha imesajiliwa kwa jina lako ilivyo, na ukikata mtutu unaondoa mbano wote kwa mara moja, halafu unabaki na maelezo ya kutoa polisi.

Ambao hawawezi kubadilisha choki wabadilishe risasi, na hapo ndipo wengi wanapobania pesa vibaya. Soma pakiti. Kuna vitu vinne vya kutafuta. Madini magumu, yaani yaliyochanganywa na antimoni, hayabonyei upesi. Punje zilizopakwa shaba zinateleza vizuri zaidi mdomoni. Kuna pakiti ambazo katikati ya punje wamejaza unga wa plastiki kama chenga za mchele. Unga ule ni godoro, unazuia punje zisigongane wakati baruti inawaka. Na kuna zenye kikombe cha plastiki kinachobeba punje zote na kutoka nazo mdomoni. Vikombe vingine vya kisasa vimetengenezwa vizishike kwa mita kadhaa nje ya mtutu, na hivyo hasa vinataka choki iliyo wazi. Ukivipitisha kwenye mbano mkali unavipasua kabla ya kazi yao. Pakiti iliyoandikwa kasi kubwa kubwa waachie wanaopenda kishindo. Baruti ikisukuma kwa nguvu zaidi, punje zinabonyea zaidi na kutawanyika zaidi. Ile ya kasi ya kawaida mara nyingi inakusanya vizuri kuliko ile iliyokuumiza bega.

Umetaja 00 tu, lakini dukani utakuta pia SSG za vipimo vya Kiingereza, za milimita 6.8. Hizo zinapita vizuri hata kwenye mbano kamili, nne nne kwa ghorofa, na zinaweza kukupa picha nzuri sana kwenye karatasi. Tatizo ni uzito. Punje ya 00 ina gramu tatu na nusu. Ya SSG haifiki gramu mbili. Kwa funo inatosha, akiwa kwenye leseni yako. Kwa dume la nguruwe aliyejipaka tope la mto likakauka begani, mimi siitumii. Na AAA, ya gramu 0.8, usiilete kabisa kwenye mazungumzo ya nguruwe.

Sasa mfuko wa saruji. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanairuka, ndiyo maana naiandika ndefu.

Pasua mfuko pembeni, toa vumbi, utandaze. Una karatasi ngumu pana kuliko gazeti lolote. Ukitaka pana zaidi gundisha miwili kwa uji wa muhogo. Chora alama nyeusi katikati kwa mkaa, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda. Ufunge kwenye fremu ya fito mbele ya kichuguu kikubwa, vile vya kwetu virefu kuliko mtu, na kwanza zunguka nyuma ya kichuguu ukahakikishe hakuna mtu, mbuzi, wala mrina asali juu ya mti. Punje ya 00 iliyokosa inaweza kwenda zaidi ya nusu kilomita. Nimeona mzinga wa nyuki wenye tundu la risasi, na mwenye mzinga hakucheka.

Keti chini, egemeza bunduki juu ya gunia lililojaa mchanga nusu. Hutaki kupima mkono wako leo, unapima bunduki. Anza hatua 15. Piga moja, andika kwenye karatasi umbali, choki na aina ya risasi, weka karatasi mpya. Tatu kwa kila umbali, maana risasi moja inaweza kukusifia bure. Halafu 20, 25, 30. Risasi ni ghali, najua, lakini jumlisha mafuta ya pikipiki na siku mbili za kumtafuta mnyama uliyemjeruhi, uone kipi ghali.

Kisha chukua sahani ya bati ya kulia ugali, ile ya sentimita 25 hivi. Hiyo ndiyo moyo na mapafu ya nguruwe, nyuma ya bega. Iweke juu ya karatasi kwenye ile alama yako ya mkaa, si mahali matundu yalipojaa zaidi (huo ni udanganyifu ambao hata mimi nimewahi kuufanya), uchore kwa penseli, uhesabu matundu ya ndani. Kanuni yangu: punje sita kati ya tisa ndani ya sahani, mara tatu mfululizo. Umbali wa kwanza ambao zinashuka chini ya sita, hapo bunduki yako imeishia, hata kama jirani yako anapiga mbali zaidi.

Bado ninalo daftari la siku ile mkuu aliponipa mfuko. Hatua 25, mbano kamili, punje tisa za kawaida: nne, tano, tatu. Siku ya pili niliazima mtutu wa nusu mbano, pakiti ileile, hatua zilezile: saba, nane, saba. Nilikaa chini ya mninga nikahesabu upya, nikidhani nimechanganya karatasi. Lakini usichukue hesabu yangu ukaenda nayo porini. Nimekuta mtutu wa mbano kamili uliopiga 00 vizuri kuliko mwenzake wa nusu, pakiti hiyohiyo, na nimekuta mitutu miwili ya kiwanda kimoja isiyokubaliana kwa lolote. Na angalia pia kama kundi zima limehamia upande. Matundu yote yakikaa kushoto, choki yako haijakosa chochote. Ni shabaha au kitako hakikukai.

La mwisho kuhusu hizo hatua thelathini na tano. Hatua yangu ni sentimita 80, kwa hiyo zako zingekuwa mita 28, kama kweli zilikuwa thelathini na tano. Hatua za kusimulia huwa fupi kuliko za kupimwa. Mtutu ulio wazi hutawanya karibu sentimita tatu kwa kila mita. Kwa mita 28 una duara la zaidi ya sentimita 80, pana kuliko nguruwe wengi walivyo warefu kwenda juu. Choki sahihi na risasi sahihi zinaweza kulipunguza mpaka karibu nusu. Umbali uliobaki upunguze kwa miguu, mita kumi hivi, upepo ukiwa usoni. Na kabla ya yote, leseni yako inataja mnyama na masharti ya silaha. Isome tena na afisa wanyamapori wa wilaya, kwa sababu nguruwe wa shambani na nguruwe wa leseni si jambo moja mbele ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Za kazi mzee? Bunduki yangu ina mitutu miwili. Chini ya mmoja kuna nyota moja, mwingine nyota tatu. Rafiki yangu anasema nyota zikiwa nyingi ndiyo inabana zaidi. Upi ni wa kanga? – Msomaji, Kasulu

Nzuri, ndugu yangu wa Kasulu. Rafiki yako anafikiria hoteli. Kwenye bunduki ni kinyume: nyota moja ni mbano kamili, mbili ni robo tatu, tatu ni nusu, nne ni robo, na herufi CL ni mtutu ulio wazi. Kwenye bunduki za Kirusi badala ya nyota unaweza kukuta 1.0 au 0.5, hizo ni milimita za mbano, moja kwa moja, na laiti wote wangeandika hivyo.

Vipimo vinavyotajwa vitabuni ni hivi: kwenye duara la sentimita 76, umbali wa mita 36 na nusu, mbano kamili unaingiza karibu asilimia 70 ya punje, nusu mbano 60, robo 50, wazi 40. Ni kwa marisau ya ndege tu, usiwaambie wenye punje tisa. Duara lichore kwa kamba ya sentimita 38, msumari na mkaa.

Kanga anayekimbia mbele yako kwenye nyasi, mtutu wa nyota tatu. Aliyeruka na kuanza kukuacha, nyota moja. Kwa kawaida kifyatuo cha mbele ndicho cha mtutu wa kulia, uliolegea zaidi, lakini hakikisha na yako ikiwa tupu. Marisau namba 5 yatakutosha. Pakiti ikiandikwa kwamba punje ni za chuma badala ya madini ya risasi, usizipitishe kwenye nyota moja ya bunduki ya zamani. Chuma hakiminyiki, kitakachominyika ni mtutu.

Shikamoo babu. Marehemu babu yangu ameacha bunduki ya Kiingereza, nzuri sana, ina maua ya kuchonga. Risasi za 70 mm zinaingia vizuri bila kulazimisha. Nataka kujua ina choki gani kabla sijaanza kuwindia. – Mjukuu, Nzega

Marahaba mjukuu, na pole kwa msiba. Usiipige.

Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani zina chumba, yaani mahali risasi inapokaa, cha milimita 65. Fungua, geuza mitutu, tazama chini yake karibu na bawaba: ukiona 2½, hizo ni inchi, yaani 65. Ukiona 2¾, ndiyo 70. Sasa kinachowadanganya watu ni hiki: ile 70 ya kwenye pakiti ni urefu wa ganda *likishafunguka*. Kabla ya kupigwa, mdomo wa ganda umekunjwa kwa ndani, kwa hiyo ni fupi na linaingia kwenye chumba cha 65 kama limetengenezwa kwa ajili yake. Ukifyatua, mkunjo unafunguka, unakosa nafasi, unaingia kwenye njia ya punje na kuiziba kidogo. Shinikizo linapanda, na uso wako uko sentimita chache kutoka hapo.

Angalia pia mitutu yenyewe. Ukiona mawimbi ya rangi mbili kama ukili wa mkeka, hiyo ni ya vipande vya chuma vilivyosokotwa na kuunganishwa kwa moto, zama za baruti nyeusi. Ndani ya viungo kutu hula pasipoonekana. Itundikwe ukutani ikishazimwa kisheria, maua yaonekane na wageni.

Na kabla ya chumba wala choki: bunduki hairithiwi kama ng'ombe. Leseni ya marehemu ilikuwa ya marehemu. Ipelekeni polisi sasa, familia ikiwa na karatasi zake zote, ndipo wewe uombe kumilikishwa kwa jina lako chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ukikaa nayo uvunguni ukisubiri arobaini ipite, unajitafutia kesi.

Mwangaluka baba. Mume wangu anafungua risasi zake, anayeyusha mshumaa na kumimina juu ya punje, anafunga tena. Anasema zinakwenda pamoja mbali. Anafanyia jikoni kwangu. Baba, ni salama? Mwambie, mimi hanisikii. – Mama, Urambo

Mwangaluka mwanangu. Si salama, na hapa naongea naye, mpe gazeti.

Bwana, ni kweli zinakwenda pamoja. Umegeuza punje tisa kuwa donge moja, halafu donge hilo unalipitisha kwenye choki uliyonunua kwa sababu inabana. Donge haliwezi kupandana na kupeana nafasi kama punje zinavyofanya. Likipita salama mara kumi, hujui la kumi na moja litakutana na mbano likiwa limekaa upande gani. Uzito wa nta haukuhesabiwa na aliyepima baruti ile. Joto la Urambo mwezi wa kumi likilainisha nta ndani ya kabati, hata hujui tena umebeba nini mfukoni. Na kufungua risasi yenye baruti na fataki mahali penye moto wa kuyeyushia mshumaa, sina la kusema zaidi ya kwamba mkeo ana haki ya kunywa chai yake akiwa na nyusi zote mbili.

Unachokitafuta kwenye nta kimeshatengenezwa kiwandani. Rudi juu usome nilichomwandikia wa Sikonge kuhusu unga wa plastiki na kikombe.

Zile ulizokwisha kujaza usizifungue tena, usizipige, usizitupe chooni wala motoni. Ziweke peke yake kwenye kopo kavu, uandike juu yake, upeleke kituo cha polisi ueleze ni nini. Watakucheka. Mama, mishumaa iliyobaki ihifadhi, umeme ukikatika mtaihitaji.